Jina Moja, Mafuta Mawili: Historia ya Petroli, Spiriti na Ndugu Zao



Ndugu wazazi, nanyi vijana wangu wa madrasa, kila mwaka wanapokuja wanafunzi wapya hazipiti wiki mbili kabla hajatokea mmoja wa kuniuliza: "Maalim, mkono huo ulipatwa na nini?" Nina kovu mkono wa kushoto. Limeanzia kwenye kiganja likapanda hadi karibu na kiwiko. Huwa najibu kwamba niliungua nikiwa mdogo, kisha tunaendelea na somo. Mwaka huu aliyeuliza ni mtoto wa miaka 9, na jibu hilo halikumtosha. Akasema, "Uliungua na nini, Maalim?" Nikakosa jibu fupi la kumpa, maana ukweli ni kwamba niliungua kwa sababu ya jina. Basi makala hii ni jibu lake, na inshaallah itawafaa na wengine.

Mwisho wa mwaka 1993, vita vilipoanza hapa Burundi, familia yetu ilivuka mpaka tukafika Kigoma, Tanzania. Nilikuwa na miaka 12. Siku moja baada ya Alasiri, mama alinipa chupa na hela akanituma petroli ya kutia kwenye kibatari. Kwetu Bujumbura, kama mjuavyo, petroli ni ile ya kuwashia taa, na ya gari inaitwa esansi. Nikaenda kwa muuzaji wa kando ya barabara nikasema kama nilivyofundishwa nyumbani: "Nipe petroli." Akanipimia petroli. Lakini kwa mtu wa Tanzania petroli ni ile ya gari, na ya taa inaitwa mafuta ya taa. Mama hakukosea kuniagiza, mimi sikukosea kutamka, na muuzaji alinipa nilichoomba.

Baada ya Magharibi nikakaa chini nikaanza kumimina ile chupa kwenye kibatari. Mshumaa ulikuwa umesimamishwa sakafuni, kama hatua mbili kutoka nilipokaa. Sikumwaga hata tone karibu nao. Nakumbuka vizuri jinsi moto ulivyokuja. Haukuanzia kwangu. Ulitoka kule kwenye mshumaa, ukatambaa juu ya sakafu ukiwa na rangi ya buluu, ukanifikia mkononi. Mama alinifunika kwa blanketi, na kwa rehema za Allah nikabaki hai.

Majirani walisema ni jini, kwani moto gani unatembea peke yake sakafuni? Nami niliamini hivyo kwa miaka mingi. Nilikuwa nimeshapita miaka 20 nilipofahamu kwamba hakukuwa na jini lolote. Ulikuwa mvuke. Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za vimiminika hivi, na nimeona kwamba historia yake ni historia ya majina yanayohama na watu wanaoungua kwa sababu hawakujua kilicho ndani ya chupa. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya majina hayo yametoka katika lugha ya Kiarabu.

NAFT YA BAGHDAD

Tuanze na jina kongwe kuliko yote, naft. Watu wa Iraq ya kale walikuwa nalo kabla ya Uislamu kwa maelfu ya miaka, kwani katika nchi ile mafuta hutoka yenyewe ardhini, meusi na mazito. Waarabu wakalichukua neno hilo. Wakati wa Makhalifa wa Bani Abbas, jeshi lilikuwa na kikosi maalumu kilichoitwa naffatun, yaani watu wa naft, ambao kazi yao ilikuwa kurusha vyungu vya naft iliyowashwa.

Nguvu ya kitu hicho ilionekana Misri mwaka 1168. Waziri Shawar aliogopa mji wa Fustat usiangukie mikononi mwa jeshi la Msalaba, akaamuru uchomwe moto. Mwanahistoria Al-Maqrizi ameandika kwamba vilitumika vyungu 20,000 vya naft na mienge 10,000, na kwamba moto uliwaka siku 54. Huo ulikuwa mji wa Waislamu, na waliouchoma ni Waislamu wenyewe. Tusisome historia yetu kwa kutafuta sifa peke yake.

Lakini karne mbili na zaidi kabla ya moto ule, kulikuwa na mtu aliyetazama naft kwa jicho jingine. Abu Bakr Muhammad bin Zakariya Al-Razi, tabibu wa mji wa Rayy, aliyefanya kazi pia Baghdad na kufariki mnamo mwaka 925, aliandika kitabu kinachoitwa Kitab al-Asrar, Kitabu cha Siri. Ndani yake ameeleza namna ya kuigeuza naft nyeusi kuwa naft nyeupe. Mtu achukue naft nyeusi, aichanganye na udongo mweupe au chumvi ya nushadir mpaka iwe kama uji mzito, aitie katika chombo kiitwacho qar' chenye kifuniko cha mdomo mrefu kiitwacho anbiq, aichemshe, na akusanye kinachotona kwenye mdomo ule. Arudie kazi hiyo mpaka kipatikane kimiminika cheupe kisicho na uchafu. Hiyo naft nyeupe ndiyo tunayoweza kuiita jamaa ya mafuta ya taa ya leo.

Angalieni alichofanya. Naft nyeusi si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa vitu vingi, vingine vyepesi na vingine vizito. Ukiichemsha, vile vyepesi hutangulia kugeuka mvuke na vizito hubaki nyuma. Ukiupoza mvuke ule unapata kimiminika kipya. Kazi hii, ambayo kwa Kiswahili huitwa kukeneka, ndiyo inayofanyika mpaka leo katika viwanda vikubwa vya mafuta. Vyombo vimekuwa virefu kama minara, ila njia ni ile ile ya qar' na anbiq.

WANJA ULIOGEUKA SPIRITI

Jina la pili liko kwenye kabati la dawa na kwenye chupa za kusafishia mikono, alkoholi. Akina mama hawatashangaa nikisema kwamba jina hili limetoka kwenye wanja. Kwa Kiarabu wanja ni kuhl, na ukiongeza "al" unapata al-kuhl. Ulikuwa unga laini sana, uliosagwa na kuchekechwa mpaka ukafaa kupakwa machoni.

Wazungu walipotafsiri vitabu vya Kiarabu walilichukua neno hilo kwa maana ya unga laini wowote. Kisha maana ikapanuka ikawa kiini safi cha kitu chochote kilichotengwa na takataka zake. Katika karne ya 16 tabibu Paracelsus alilitumia kwa kiini kinachotoka mvinyo unapokenekwa, naye akakiita "alcohol vini". Baadaye "vini" likaachwa, likabaki neno la wanja kuwa jina la kitu kisichofanana na wanja hata kidogo.

Kimiminika hiki kina tabia mbili zinazokifanya kitafutwe sana. Kwanza, kinachanganyika na maji na pia kinayeyusha vitu vingi ambavyo maji hayaviwezi, kama vile mafuta ya manukato, utomvu na rangi ya mbao. Ndiyo sababu seremala anatumia spiriti kuyeyushia vanishi ya sheli. Pili, kinakauka upesi na kuacha kile kilichoyeyushwa mahali pake. Mwaka 1855 Uingereza ilitunga sheria ya kuruhusu spiriti ya viwandani bila ushuru wa pombe, kwa sharti kwamba ichanganywe na kitu kinachoifanya isinyweke. Kitu hicho ni metanoli, ambayo ni sumu inayopofusha macho na kuua. Spiriti ya fundi hutiwa pia rangi ya zambarau au buluu mahali pengi ili ijulikane. Kwa hiyo nawaambia vijana kwamba, mbali na uharamu wake, kunywa spiriti ya fundi ni kunywa upofu.

Mambo ya hukumu ya manukato na dawa zenye alkoholi nawaachia masheikh, kwani hiyo ni makala nyingine. Hapa nataka mkumbuke jambo moja la moto. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, chupa za kusafishia mikono ziliwekwa kwenye milango ya misikiti na shule kila mahali. Dawa iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ina etanoli asilimia 80, na mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia nyuzi joto 17.5 tu. Bujumbura mchana hufika karibu nyuzi 30. Anayejipaka kisha akawasha jiko kabla mikono haijakauka, anawasha mikono yake. Na moto wa alkoholi una rangi hafifu, juani huenda usiuone kabisa.

UBANI ULIOGEUKA BENZINI

Jina la tatu ni benzini. Wengi hudhani limetokana na Carl Benz, mtengenezaji wa gari. Sivyo. Asili yake ni ubani. Waarabu waliokuwa wakifanya biashara na visiwa vya Indonesia walileta utomvu wenye harufu nzuri wakauita luban jawi, ubani wa Jawi, na mpaka leo unafukizwa majumbani kwetu. Wazungu wakalitamka neno hilo kwa namna zao, "lu" ikaanguka, ikabaki benjoin, kisha benzoin. Katika utomvu huo mna asidi, na mwaka 1833 Mjerumani Eilhard Mitscherlich aliichemsha asidi hiyo pamoja na chokaa akapata kimiminika chepesi kinachowaka. Akakiita Benzin. Michael Faraday wa Uingereza alikuwa amekwisha kukipata mwaka 1825 kwa njia nyingine na kwa jina jingine, lakini jina la ubani ndilo lililoshinda.

Baadaye jina likahama tena, likatumiwa kwa sehemu nyepesi ya mafuta ya ardhini. Leo mtu wa Misri akifika kituo cha mafuta huomba banzin. Ubani umekwenda Ulaya ukarudi nyumbani ukiwa mafuta ya gari, na wenyewe hawakuutambua.

Kabla ya kuwa mafuta ya gari, benzini ilikuwa ya kufulia. Maji hayatoi grisi kwenye nguo ya sufu, lakini kimiminika cha jamii ya mafuta huyeyusha mafuta mwenzake. Inasimuliwa kwamba huko Paris, katika karne ya 19, mtu aitwaye Jolly aliona kitambaa chake cha meza kikisafika mahali kilipomwagikiwa na mafuta ya tapentaini kutoka kwenye taa, akaanzisha udobi usiotumia maji. Madobi wa aina hiyo waliendelea na benzini, na nyumba zao zikawa zinaungua mara kwa mara. Hata pasipo kiberiti ziliungua, kwa sababu sufu na hariri zikisuguana huzaa cheche ndogo za umeme.

Mwaka 1888, Bertha, mke wa Carl Benz, alisafiri na wanawe wawili kwa gari la mumewe kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100, safari ndefu ya kwanza ya gari. Hapakuwa na kituo cha mafuta popote duniani. Mafuta yalipokwisha alinunua ligroini katika duka la dawa mjini Wiesloch, kwani liliuzwa humo kwa ajili ya kuondolea madoa. Hivi ndivyo ilivyoanza safari ya petroli, kwenye chupa ya dawa ya madoa.

TAA ILIYOKUWA IKILIPUKA

Sasa turudi kwenye kibatari changu. Wazee wetu waliwasha taa kwa mafuta ya nazi na ufuta huko pwani, na kwa mawese huku bara. Mafuta hayo huwaka kwa shida, na hiyo ndiyo salama yake. Hata hivyo Mtume (S.A.W.) alituagiza tuzime taa tunapolala, na akataja kwamba panya anaweza kuvuta utambi akawaunguzia watu wa nyumba. Agizo hilo lilikuja zama za mafuta ya mimea. Sasa linatuhusu zaidi.

Mwaka 1846 mtaalamu wa Canada, Abraham Gesner, alionyesha watu mafuta mapya ya taa aliyoyakeneka kutoka kwenye makaa ya mawe, na baadaye akayaita karosini, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya nta. Mwezi Agosti 1859 Edwin Drake alipata mafuta kwa kuchimba kisima cha kama mita 21 huko Titusville, Pennsylvania, Marekani. Baada ya hapo mafuta ya taa yakawa rahisi, yakaenea duniani kote. Yalifika mpaka kwetu yakiwa katika makopo ya bati ya galoni nne, na makopo yale ndiyo tuliyoyaita madebe. Mafuta yameisha, debe limebaki. Hata leo mahindi na maharage yanapimwa kwa debe.

Tatizo likawa hili. Ukikeneka mafuta ya ardhini, kinachotangulia kutoka ni petroli, kisha ndiyo yanafuata mafuta ya taa. Miaka ile gari halikuwepo, petroli haikuwa na soko, na wenye viwanda wengine waliimwaga mitoni. Wengine wenye tamaa waliona hasara kumwaga. Wakaichanganya kidogo kidogo na mafuta ya taa wakauza kwa bei nzuri. Kwa macho huwezi kutofautisha. Familia ilinunua, ikajaza taa, taa ikalipuka mezani watoto wakiwa wamezunguka. Huko New York, mnamo mwaka 1870, mkemia Charles Chandler aliyapima mafuta ya madukani na kuonyesha jinsi mchanganyiko huo ulivyokuwa umeenea.

Ndipo watu wakalazimika kutafuta kipimo. Wakaona kwamba swali si kama mafuta yanawaka, maana yote yanawaka. Swali ni yanaanza kutoa mvuke wa kushika moto katika joto gani. Sheria ya kwanza ya Uingereza, ya mwaka 1862, ilitaja nyuzi 100 za Fahrenheit, sawa na nyuzi 38 za Selsiasi. Lakini mafuta yalikuwa yakipimwa katika kikombe kilicho wazi. Upepo ulichukua mvuke, na mafuta mabaya yakaonekana mazuri. Mkemia Frederick Abel akatengeneza kikombe chenye kifuniko na kidirisha kidogo. Unapasha mafuta polepole, unafungua kidirisha, unaingiza mwali mdogo wa moto. Joto ambalo mvuke unamweka ndicho kipimo. Sheria ya mwaka 1879 ilikikubali kikombe hicho, na kikomo kikawa nyuzi 73 za Fahrenheit, karibu nyuzi 23 za Selsiasi.

Kwa London nyuzi 23 ni siku ya joto. Kwa nchi zetu ni asubuhi. Mafuta yaliyo salama kule yanaweza kuwa hatari huku, na mtu wa nchi ya joto ana haja ya tahadhari zaidi. Siku hizi mafuta mazuri ya taa hayatakiwi kumweka chini ya nyuzi 38.

FAIDA NA HATARI ZINATOKA MLANGO MMOJA

Nawaomba mtazame vipimo hivi, kwa nyuzi za Selsiasi, vya joto ambalo mvuke wa kila kimiminika unaanza kushika moto:

Petroli ya gari (esansi): karibu 40 chini ya sifuri.
Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha: karibu 20 chini ya sifuri.
Spiriti safi (etanoli): karibu 13.
Tapentaini ya kuyeyushia rangi za mafuta: karibu 35.
Mafuta ya taa: 38 na kuendelea.

Mtu wa Bujumbura, Kigoma, Bukavu au Kampala aisome orodha hii akiwa amekaa ndani ya nyumba yenye joto la nyuzi 28. Vitatu vya kwanza viko tayari kuwaka muda wote. Vinasubiri cheche tu. Viwili vya mwisho havina mvuke wa kutosha mpaka vipashwe moto au vilowe kwenye utambi. Thina ya fundi rangi mara nyingi ni mchanganyiko wa vitu kadhaa, na nyingi ya hizo ziko upande wa petroli, si upande wa mafuta ya taa.

Jambo la pili ni uzito. Mvuke wa vimiminika hivi ni mzito kuliko hewa. Wa spiriti ni mzito mara moja na nusu hivi, wa asetoni mara mbili, wa petroli mara tatu mpaka nne. Kwa hiyo haupandi juu kama moshi. Unashuka, unatandaa sakafuni, unajaa kwenye mashimo na chini ya vitanda, unasafiri bila kuonekana mpaka ukutane na jiko au mshumaa. Hapo unawaka, na moto unarudi kwa njia ile ile mpaka kwenye chupa. Hilo ndilo jini la Kigoma. Laiti mshumaa ungekuwa juu ya kabati na mlango ungekuwa wazi, pengine nisingekuwa na kovu.

Na tazameni hekima iliyomo. Kwa nini fundi anapenda thina? Kwa sababu inakauka upesi. Kukauka upesi maana yake ni kugeuka mvuke upesi. Kinachoifanya imfae ndicho kinachoifanya imuunguze. Huwezi kupata moja ukaikwepa nyingine. Madobi wa Marekani walielewa hivyo katika miaka ya 1920, wakaanza kutumia kimiminika kinachokauka polepole zaidi, chenye kipimo cha nyuzi 38, na moto katika maduka yao ukapungua. Walikubali kungoja nguo zikauke ili wasiungue.

SANGE

Wasomaji wa hapa hawahitaji kupelekwa mbali. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, katika kijiji cha Sange, ng'ambo ya mto Rusizi, kwenye barabara ya Uvira kwenda Bukavu, lori la petroli lilipinduka. Petroli ikamwagika. Watu wakaja na bidoni na ndoo. Wengine walikuwa wamekaa kwenye vibanda vya karibu wakitazama mechi ya Kombe la Dunia, hawakushika bidoni wala hawakusogelea lori. Mvuke ulikwishawafikia walipo. Moto ulipolipuka walikufa watu zaidi ya 230, wanawake na watoto wengi miongoni mwao. Mkasa kama huo ulitokea Sachangwan, Kenya, Januari 2009, na Morogoro, Tanzania, Agosti 2019, na kila mara zaidi ya watu 100 walipoteza maisha.

Watu husema waliokufa waliponzwa na umaskini au tamaa. Umaskini upo, sikatai. Lakini waliokuwa wakitazama mpira hawakuwa na tamaa ya petroli ya mtu. Waliuawa na mvuke ambao hakuna aliyewahi kuwaambia habari zake. Allah awarehemu wote.

TUFANYE NINI NYUMBANI

Katika miaka ya karibuni uhaba wa mafuta hapa Burundi umewafanya wengi waweke bidoni za esansi chumbani, hata chini ya kitanda, na wengine wanunue kwa chupa mitaani. Basi nawausia haya:

1. Ukitumwa au ukimtuma mtoto, usitaje jina peke yake, taja na kazi yake. Sema "ya taa" au "ya gari". Ukivuka mpaka, uliza kwanza wenyeji wanaitaje. Jamaa zetu walioko Marekani huita ya gari "gesi", na wazee wengine wa Kenya huita ya taa "parafini".

2. Mafuta ya taa yenye harufu kali ya esansi usiyatie kwenye taa wala jiko. Esansi kidogo tu inatosha kuyaharibu yote.

3. Usijaze taa au jiko likiwa linawaka au likiwa bado moto, wala karibu na mshumaa. Kumbuka hatua zangu mbili hazikutosha.

4. Esansi isilale ndani ya nyumba ya watu. Wala usiitumie kuwashia makaa.

5. Usiweke kimiminika chochote cha aina hii kwenye chupa ya soda. Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe, kwani yakiingia mapafuni ndiyo hatari kubwa. Mpeleke hospitali mara moja.

6. Petroli ikiwaka usiimwagie maji. Inaelea juu yake na kusambaa. Tumia mchanga au funika.

7. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Dawa ya meno na siagi havitibu, vinaongeza madhara.

8. Ukiona lori la mafuta limeanguka, ondoka na waondoe watoto. Usingoje kuona moto.

Mwanafunzi wangu wa miaka 9, sasa umepata jibu lako. Al-Razi aliuona mvuke ule karne kumi na moja zilizopita, akajua kuukusanya. Mimi nilikuwa nao chumba kimoja sikuujua. Elimu hii ilikuwepo muda wote, ila haikutufikia nyumbani kwetu. Wewe ukifika kwenu leo, mwambie mama kwamba petroli ina majina mengi, na muulize bidoni imewekwa wapi.

Allah azilinde nyumba zetu na moto wa dunia na wa akhera. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullah.

Maalim wenu wa madrasa, Buyenzi, Bujumbura